TAHADHARI: Anayeuza safari za usiku za kupanda Longonot ni mwizi

Ndugu zangu wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, ukitumiwa lile tangazo la kupanda Mlima Longonot usiku uone jua likichomoza, shilingi 2,500 kila mtu, usafiri, tochi na chai ndani yake, usitume hata shilingi moja. Mimi nilituma. Tulituma watu kumi na wanne. Nimekaa siku nne nikiona aibu kusema, lakini jana tangazo lile lile limewekwa tena na tarehe mpya, na hapo nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia.

Mnaonijua mnajua ni kwa nini nilitaka siku hii iwe nzuri. Kaka yangu mdogo aliomba kitu kimoja tu, Longonot. Menengai ameizoea, iko hapa juu yetu na tumeipanda mchana mara nyingi. Longonot ndiyo alikuwa akiiota.

Na msiniulize kwa nini nilimwamini huyo mtu, maana hakuniomba pesa kwanza. Siku ya kwanza alituma ujumbe wa sauti, sauti ya upole kabisa, akauliza, "Dada, kuna yeyote kwenu ana pumu au presha?" Nikamwambia kaka yangu ana pumu. Akasema, "Basi inhela aiweke mfuko wa ndani wa jaketi, asiiweke kwenye begi. Baridi ya kule juu humshika mtu ghafla." Siku iliyofuata akauliza viatu vyetu vina meno au vimelika. Mtu anamkumbuka mgonjwa wako kuliko hata unavyomkumbuka wewe, utamshuku kwa lipi? Nikatuma 5,000 usiku huo huo. Nikawaambia wenzangu wawili wa kazini nao watume. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa zangu.

Gari lilikuja kweli. Saa tano usiku, kituo cha mafuta barabara ya Nairobi, matatu nyeupe, safi, ina muziki. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni na daftari la shule, anaandika kwa penseli jina la kila mtu na namba ya ndugu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Kaka yangu aliposhika ngazi, akamgusa bega: "Inhela iko?" Kaka akapiga mfuko wa jaketi, akacheka. Ile cheko naisikia mpaka leo.

Tukapita Gilgil, tukapita Naivasha, tukashika barabara ya Mai Mahiu. Karibu na Longonot akamwambia dereva asimame kando, akawasha taa za ndani. Akasema zamu imebadilika, askari wa usiku anataka 500 kwa kila kichwa ya ruhusa ya kupanda gizani, na tutume sasa hivi kwa sababu mbele mtandao hupotea. Kimya. Jamaa mmoja wa nyuma akasema mbona hatukuambiwa mapema. Na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyegeuka nikamjibu, "Tumetoka mbali, tusirudi kwa ajili ya mia tano." Nikatoa simu. Nikaandika namba, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikamwonyesha. Akainama akaangalia kioo cha simu yangu, hata hakushtuka: "Ni mke wangu, yeye ndiye mhasibu." Nikaweka namba ya siri. Wengine wakaniona nimetuma, wakatuma. Kumi na wanne mara 500, shilingi 7,000 ndani ya dakika tano, juu ya zile 35,000 tulizokuwa tumelipa.

Tukashushwa mbele ya lango. Akasema tujinyooshe miguu, tochi ziko nyuma, dereva anageuza gari ili mlango wa nyuma uelekee upande wetu. Gari likageuka. Likanyooka. Nikaona taa mbili nyekundu zinapungua, na bado nilikuwa nasema, "Anatafuta mahali pa kuegesha."

Ilikuwa saa nane kasoro. Baridi ya pale inaingia kwenye meno. Askari alitoka na tochi, akatumulika mmoja mmoja, akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza alitikisa kichwa. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, akasema, na malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakuna askari anayepokea mia tano za mtu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa wengi wetu. Ndani kuna nyati. Hesabu mwenyewe: lango likifunguliwa saa kumi na mbili, jua linachomoza nusu saa baadaye. Atakufikisha vipi juu kabla ya jua? Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na sikuifanya.

Jua lilichomoza tukiwa tumekaa kwenye majani kando ya lango, kaka yangu amejifunika leso yangu, anavuta ile inhela. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Huyu mtu akamatwe. Kuacha watu gizani, wengine wasichana wa chuo, mmoja mgonjwa wa pumu ambaye yeye mwenyewe alijua ni mgonjwa, na kuondoka na tochi! Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujipatia mali kwa hila ni kifungo cha hadi miaka 3. Ni michache. Afungwe yote mitatu, na yule dereva naye, na huyo "mhasibu" wao naye, na arudishe kila senti mbele ya watu.

Dalili zilikuwepo. Namba ya simu ya mtu binafsi, jina lisilolingana. Hakuwahi kunitumia risiti ya eCitizen nilipoiomba, alisema "nitawapa garini". Picha ya hema la njano aliyoweka nimeiona sasa kwenye ukurasa wa watu wengine kabisa, yeye ameikata pembeni. Namba hubadilisha, kwa hiyo angalieni hema.

Nilipeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, asubuhi ile, pesa zilikuwa zimeshatolewa. Kama umetuma sasa hivi, usingoje hata dakika. Namba yake nimeiripoti 333, namba ya Safaricom ya kuripoti matapeli, ripotini na ninyi.

Wale tuliokuwa pamoja kwenye matatu: nimeshaandikisha OB, yaani taarifa kwenye kitabu cha polisi. Nitumieni ujumbe wenu wa M-Pesa, wa 2,500 na wa 500, kabla ya Alhamisi. Yule wa nyuma aliyeuliza mbona hatukuambiwa mapema, nakutafuta, uliniambia ulipiga picha namba ya gari pale kwenye kituo cha mafuta.