Tokaj au Hajós: sehemu mbili za maghala ya mvinyo Hungaria

Tokaj ndiyo yenye jina. Eneo lake la mvinyo liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2002, na mahandaki yake yamechimbwa kwenye mwamba wa volkano. Ukutani kumeota ukungu mweusi, laini kama sufi. Usiudhani uchafu, maana huishi kwa mvuke wa mvinyo na wenyewe wanauthamini.

Hajós, kusini, ina kijiji cha maghala peke yake, takriban 1,200, yaliyoanzishwa na walowezi wa Kijerumani. Mbele kibanda cheupe cha kukamulia zabibu, nyuma handaki kwenye udongo laini. Nyumba za kuishi ziko mjini, kando.

Kwa kinywaji, Tokaj. Kwa matembezi, mimi nachagua Hajós.