Kusaka hitilafu: usome diff au utumie git bisect?

Toleo la zamani la programu linafanya kazi, jipya linagoma. Ubishi wa kila siku: usome tofauti zote za msimbo kwa git diff, au uiachie git bisect kazi? Zote mbili ni amri za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo.

Mabadiliko yakiwa machache, diff haina mpinzani. Mistari 30 unaisoma kwa dakika chache, na ukiliona kosa umeshaelewa chanzo chake. Ikifika maelfu, macho huchoka na kosa linapita waziwazi.

Hapo ndipo bisect inapong'ara. Unaitajia komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia) moja isiyo na hitilafu na moja mbovu, nayo inakupeleka ya katikati. Unajaribu, unajibu kama ni nzuri au mbovu, nusu ya historia inatupwa. Komiti 1,000 huisha kwa majaribio kama 10 tu. Ukiwa na skripti (programu fupi) ya kupima, git bisect run humaliza yenyewe. Hata waendelezaji wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux huwaomba wanaoripoti hitilafu waitumie.

Ila bisect inadai nidhamu ya muda mrefu: komiti ndogondogo, kila moja ijengeke, yaani itoe programu inayoweza kuendeshwa. Komiti kubwa ya wiki nzima itakurudisha kwenye diff ileile. Na hitilafu inayotokea mara mojamoja ni hatari kweli: jibu moja la uongo, lawama inaangukia komiti isiyo na kosa. Hiyo ijaribu mara kadhaa kabla ya kujibu.

Kama msimbo ni wako na umebadilika jana, anza na diff. Kama ni mradi mkubwa wa wengine na unaweza kuirudia hitilafu kwa uhakika, anza na bisect.