Msasa au silikoni: kipi kinaizuia rula isiteleze?

Ukikata viraka vya kitambaa vya kuunganisha, rula ya plastiki juu ya leso mpya huteleza hata ukiikandamiza kwa kiganja kizima. Kiraka kimoja kikikosea milimita 2, ukiunga kumi vya namna hiyo umeshapotea sentimita 2, na hapo pembe hazikutani tena.

Msasa ni rahisi kuupata hapa Lamu, maana mafundi wa milango na majahazi wanautumia kila siku. Chukua ulio laini, namba 220, bandika vipande vidogo nyuma ya rula, chenga zikielekea chini. Kwenye maradufu ya matanga unashika barabara. Kwenye hariri na shifoni, usijaribu: unavuta nyuzi. Tena unaziba mistari ya kupimia, na kwa unyevu huu wa pwani gundi hubanduka mapema.

Silikoni ni ile ya kuzibia masinki, isiyo na rangi. Weka matone madogo kama punje za mtama, kisha yalaze yawe bapa. Tone nene huinua rula, kisu kikaingia chini yake. Iache hadi kesho yake. Ile inayonuka siki hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na huo Lamu haukosi! Haikwaruzi, mistari unaiona, na ikijaa vumbi la pamba unaipangusa kwa kitambaa kibichi.

Kwa rula, nachagua silikoni bila kusita. Vigezo vya kadibodi, yaani maumbo unayoyafuatisha kwa kuchora juu ya kitambaa, ni habari nyingine: hapo msasa ndio wenyewe, kwani unaubandika upande mzima na bado unachora pembeni kwa chaki.