TAHADHARI: Anatuma Kigoma betri za droni zilizotengenezwa kwa mabaki ya laptop

Wadau wa Kigoma, Ujiji, Kasulu na kote mnakochezea saketi na droni za kuunda wenyewe: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akinadi lipo (betri za lithiamu-polima, zinazotumika kwenye droni) za seli tatu, 5000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), "mpya kabisa". Anasema duka lake liko Kariakoo. Bei yake iko chini kidogo tu ya wengine, ndiyo maana hashtukiwi. Msimtumie hela.

Sisi vijana wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, tuliagiza kwake betri ya droni yetu ya propela nne. Hela ilitangulia, mzigo ukaja na basi. Kwa macho ilikuwa safi: plastiki ya bluu inang'aa, stika, waya nene, plagi ya njano. Kwenye mita ikasoma volti 12.3, na hapo ndipo anapowapatia watu, maana betri iliyopumzika inaweza kusoma vizuri hata ikiwa mbovu. Mota zilipoanza kuvuta, volti ziliporomoka chini ya 9, droni ikafika usawa wa goti na kuanguka. Mkono mmoja wa fremu umevunjika.

Tukachana plastiki. Hamna lipo humo! Ni seli tatu za duara, zile za betri za laptop, zimeungwa mfululizo. Vidoa vya kuchomelewa mara ya kwanza bado viko kwenye ncha, na moja ina kutu. Seli za namna hiyo, hata mpya, kwa kawaida ni kama 3500 mAh kwa zile nzuri kabisa, na za laptop hazikuundwa kutoa ampea nyingi. Mota nne zinaweza kuvuta zaidi ya ampea 10 droni ikielea tu. Hela inauma, lakini kinachonitisha ni moto: wengi wanaonunua ni wanafunzi, wanachaji chumbani wanakolala.

Mizani inamuumbua haraka. Lipo halisi ya ukubwa huo haipungui gramu 300. Hii ilisoma 160 hivi pamoja na waya, kwa sonara. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji arekodi video betri ikiwa juu ya mizani. Huyu hatakubali.

Tulipolalamika alisema tumeichaji vibaya, kisha akatubloku. Jina la duka anabadilisha, ila picha ni zile zile, betri juu ya kigae cheupe. Tena jina linalotokea unapotuma hela silo analojiita kwenye grupu. Ukiona hivyo, katisha muamala. Ujumbe wake wa kitapeli utume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba yake.

Kama tayari unayo betri yake, usiichaji tena. Ziba ncha za waya kwa tepu, iweke nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na watoto, na usiichome na takataka.