Mfuniko wa bwawa unaotembea kwenye reli: kabla hujaulipia, kagua shimo na reli

Kwa bwawa la mstatili lililo karibu na watoto, mfuniko wa reli ndio tunaoupendekeza kuliko mingine yote, na kwa pwani ya Mtwara na Lindi unafaa kabisa. Ila wenye mabwawa wengi huuliza swali lisilo lenyewe. Wanauliza turubai ni unene gani na lina rangi gani. Turubai hubadilishwa, reli zilizofungwa kombo na shimo la ngoma ya kukunjia turubai lisilotoa maji hubaki na jengo, na hivyo viwili ndivyo vinavyoua mfuniko mapema.

Tunaitathmini hapa seti ya kawaida: reli mbili za alumini, turubai la vinyl lenye nyuzi za polyester ndani, ngoma ya kulikunjia, boriti ya mbele, kamba mbili, puli mbili za mwisho, mota na swichi ya funguo. Bwawa la mfano lina mita 10 kwa 5, ukubwa unaoweza kuukuta kwenye nyumba ya wageni Mikindani au Shangani.

Kwanza uelewe linavyotembea, maana hitilafu nyingi hujieleza zenyewe ukishajua hilo. Kingo mbili za turubai zimeshonewa uzi mnene unaoteleza ndani ya mfereji wa reli. Mbele kuna boriti ya alumini inayokaa juu ya viatu viwili vidogo, kimoja kila reli. Kutoka kila pembe ya mbele inatoka kamba, inakwenda hadi puli ya mwisho wa bwawa, kisha inarudi kupitia mfereji wa pili wa reli hadi kwenye mtambo. Mota ikizunguka upande mmoja inakunja kamba, turubai linavutwa na bwawa linafungwa. Ikizunguka upande wa pili inakunja turubai kwenye ngoma, kamba zinaachiliwa na bwawa linafunguka. Turubai halijishikilii hewani: linalala juu ya maji, na maji ndiyo yanayobeba uzito.

Kwa hiyo kina cha maji si jambo dogo. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya kawaida yake, turubai linaning'inia, linazivuta reli kwa ndani, viatu vinabana na mota inafanya kazi iliyo juu ya uwezo wake. Kusini tunafahamu vizuri siku za maji ya bomba kukatika. Asiye na tangi la akiba la kujazia bwawa asifunge mfuniko huu kwanza, ajenge tangi.

Sasa ufungaji. Kazi inaanza kwa futi kamba. Pima upana wa bwawa sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, halafu pima mishazari yote miwili, pembe hadi pembe. Kwa mita 10 kwa 5 kila mshazari unatakiwa uwe mita 11 na sentimita 18. Mishazari ikitofautiana, pembe za bwawa si pembe mraba, na hapo reli haziwezi kufuata ukingo wa bwawa, zifuate uzi. Vuta uzi mmoja upande mrefu, tafuta pembe mraba kwa kanuni ya 3, 4 na 5 (pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5), kisha vuta uzi wa pili sambamba. Umbali kati ya reli uwe uleule kila mita moja ya urefu. Sisi hatukubali tofauti inayozidi milimita 5. Fundi atakayekwambia vigae vimenyooka kwa hiyo reli zitanyooka, mwambie arudi na uzi.

Reli hufungwa kwa namna mbili. Chini ya jiwe la ukingo hupendeza na haimkwazi mtu mguu, lakini lazima ipangwe kabla bwawa halijamaliziwa. Kwa bwawa ambalo tayari lipo, reli hukaa juu ya sakafu, na hiyo ndiyo kazi inayofanyika zaidi. Hapa ndipo mawe yetu yanapoleta tabu. Sakafu nyingi za pwani zimewekwa jiwe la matumbawe, zuri kwa nyayo kwa sababu halichomi jua likiwaka, ila ni laini na lina matundu. Ukitoboa kwa drili ya kupiga, tundu linapanuka na fisha ya plastiki haishiki. Baada ya miezi michache skrubu zinachezacheza na reli inapanda. Toboa bila kupiga, pita jiwe mpaka ufike kwenye zege la chini, puliza vumbi litoke lote, kisha tumia bolti za kuganda kwa gundi maalumu ya nanga. Matundu yawe kila sentimita 30 hadi 45. Palipo na mchanga mtupu chini ya kigae, mwaga kwanza mkanda wa zege wenye nondo chini ya mstari wa reli. Bila mkanda huo usipoteze fedha.

Skrubu na bolti ziwe stenlesi ya daraja la 316. Ya 304 inauzwa kwa bei nafuu na inang'aa vilevile dukani, lakini upepo wa chumvi wa Msimbati au Lindi mjini utaitia madoa ya kutu. Reli ziwe za alumini iliyopakwa tabaka la kuilinda kiwandani, na kila skrubu ipite kwenye washa ya nailoni, kwa sababu stenlesi ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Hiyo ndiyo dalili.

Shimo la ngoma ndilo tunalolipa uzito kuliko vyote. Liwe nyuma ya upande mfupi wa bwawa, lenye kuta za zege, sakafu yenye mteremko, na bomba la kutolea maji la inchi 3 linaloshuka hadi nje. La inchi 2 linatosha kwa hesabu, lakini majani ya mwarobaini na mchanga huliziba. Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikija zinakuja kwa nguvu. Mota iliyolala ndani ya maji usiku mmoja tu inaweza isiamke tena. Palipo chini, kama sehemu za Lindi mjini karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda hadi shimo likajaa kutoka chini. Hapo weka pampu ndogo yenye boya, na mota ikae juu ya sakafu ya shimo, si sakafuni. Mdomo wa bomba uwekewe wavu wa stenlesi. Kaa huingia, panya huingia, na panya hula kamba.

Usihifadhi klorini wala asidi karibu na shimo hilo. Mvuke wake hula mtambo kimyakimya hata kama kifuniko cha ndoo kimefungwa.

Upande wa umeme, mpe kazi fundi mwenye leseni. Saketi iwe ya peke yake, na iwe na kikata umeme cha miliampia 30 kinachozima umeme ukivuja. Reli zote mbili na vyuma vyote vinavyogusa maji viunganishwe na waya wa ardhi kwa pamoja. Swichi ya funguo iwekwe mahali anayeishika anaona bwawa zima, na iwe ya kushikilia: ukiachia, mfuniko unasimama. Swichi ya kubonyeza mara moja na kuondoka tusingeifunga kwenye bwawa la mtu yeyote. Hakikisha pia seti ina mkono wa kuzungushia umeme ukikatika. Tumeona seti zinazouzwa bila huo mkono, na muuzaji akasema ni kifaa cha ziada. Si cha ziada. Umeme ukikatika mfuniko ukiwa nusu, bwawa liko katika hali mbaya kuliko lisilo na mfuniko kabisa, maana aliyetumbukia anaweza kuishia chini ya turubai.

Kuna hitilafu moja utaiona hata kwenye kazi nzuri: boriti ya mbele kwenda upande. Ikipinda wakati wa kufunga, kamba ya upande unaochelewa imelegea. Ifupishe kidogo kidogo, sentimita moja au mbili kwa mara. Ikipinda wakati wa kufungua, usiguse kamba. Tatizo liko kwenye ngoma: upande unaochelewa unakunja polepole, kwa hiyo uongezee ukanda mwembamba wa turubai chini yake ili unene wa ngoma uongezeke upande huo. Mafundi wengi hurekebisha kamba kwa makosa yote mawili, na matokeo yake mfuniko unafunga sawa na kufungua vibaya, au kinyume chake, mpaka uzi wa ukingoni unachanika.

Mchanga ndio adui wa kila siku. Upepo wa kusi ukivuma, mfereji wa reli unajaa. Pitisha mpira wa maji kwenye mifereji yote minne mara moja kwa wiki, na kwa wiki za upepo mkali mara mbili. Usipake grisi wala mafuta. Vinakamata mchanga na kuugeuza msasa.

Mvua ikinyesha mfuniko ukiwa umefungwa, hesabu ni rahisi: milimita 1 juu ya bwawa hili ni lita 50. Mvua ya milimita 60 inaacha lita 3,000, yaani tani tatu. Usijaribu kufungua hivyo. Weka pampu ya juu ya mfuniko, maji yaishe, ndipo ufungue. Na maji hayo yaliyotuama ni hatari yenyewe kwa mtoto mdogo, hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Kiwango cha Marekani cha mifuniko ya usalama, ASTM F1346, kinataka mfuniko wa bwawa pana uhimili kilo 220, na kinapima pia jinsi maji yanavyoondoka juu yake. Muulize muuzaji kama turubai lake lina lebo ya kiwango hicho. Lisilo nayo ni kinga ya uchafu, si kinga ya mtoto, na uzio wa bwawa ubaki palepale.

Faida ya maji inaonekana haraka. Kila milimita 5 inayopanda hewani kutoka bwawa hili ni lita 250, na upepo mkavu unafanya hivyo bila haya. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria mifuniko hupunguza maji ya kujazia kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa anayenunua maji kwa boza, hilo linazungumza lenyewe. Ila makadirio mengi ya wauzaji yanasifu pia kutunza joto, na hapo sisi tuko kinyume. Maji yetu yana joto tayari. Turubai la bluu iliyokoza likifunikwa mchana kutwa mwezi wa Desemba linayapasha zaidi, klorini inaisha haraka na mwani unaota. Chagua rangi ya kijivu chepesi au mchanga, funika usiku, na acha wazi saa kadhaa kila siku ili gesi za klorini zitoke. Ukitia dozi kubwa ya klorini, usifunike mpaka kipimo kishuke, la sivyo turubai litakakamaa. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6.

Nani asinunue? Mwenye bwawa la umbo la figo, kwa sababu atalipia mita nyingi za turubai zinazolala sakafuni. Mwenye bwawa ambalo maji yake yanamwagikia ukingoni. Na mwenye ngazi za stenlesi zilizochimbiwa kwenye zege, mpaka azibadilishe ziwe za kuchomoa.

Vipuri pia vifikiriwe. Kamba huchakaa kabla ya turubai, na turubai lenyewe huhitaji kubadilishwa kati ya miaka 5 na 10. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kwa mvua pale Somanga, mzigo wa kusini ulikwama. Nunua mapema kamba seti moja, puli mbili na viatu viwili, viweke stoo.

Kabla ya kulipa fungu la mwisho, mwambie fundi afunge na kufungua mara kumi mfululizo, uangalie boriti inafika mwisho pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha mimina ndoo kumi za maji shimoni na uhesabu dakika hadi yaishe. Yakituama, fedha zibaki mfukoni mpaka bomba lirekebishwe.