Waifai ya kanisani imenitangazia ulevi

Kichujio cha mtandao cha kanisani kwetu nakipa nyota mbili, na moja kati ya hizo natoa kwa heshima ya madhabahu tu.

Mimi ni mzee wa kanisa, usharika mmoja hapa Dar, na kazi yangu ni maandalizi ya meza ya Bwana. Divai ilikuwa inakaribia kuisha na Pasaka ndiyo hiyo inabisha hodi. Nikabaki ofisini baada ya kikao, nitafute bei kwa wauzaji wa Dodoma. Bando langu lilikuwa limekata, nikajiunga na waifai ya kanisa.

Nafungua tovuti ya muuzaji, linakuja onyo jekundu: muunganisho huu si salama, huenda kuna mtu anataka kukuibia taarifa. Narudia, onyo lile lile. Nikamshuku muuzaji wa watu kuwa ni tapeli, kumbe hana hili wala lile. Aliyenieleza ni mpwa wangu, ambaye mitandao ndiyo mkate wake. Simu inapouliza tovuti fulani iko wapi, anayejibu ni seva ya DNS, yaani kitabu cha anwani za tovuti, na ya kwetu yenye kichujio ndiyo iliyowekwa kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai. Tovuti ikiwa kwenye kundi lililofungwa, seva inakupa anwani nyingine, ya ukurasa wa kukuambia umezuiwa. Sasa tovuti nyingi siku hizi ni za https, zile zenye ulinzi zinazodaiwa cheti, yaani kitambulisho chao, na ukurasa ule hauna cheti cha muuzaji, ndiyo maana kivinjari kinapiga kelele za mwizi. Kundi lililoninasa mimi ni la pombe.

Mpaka hapo ningecheka yakaisha. Jumapili sasa, ibada imetoka, kwaya bado wamekaa, anakuja kijana wa mitambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hivi wiki hii ulikuwa unatafuta nini kwenye mambo ya pombe? Jina la simu yako limejaa kwenye ripoti."

Kwa sauti! Kipaza sauti anacho mkononi, namshukuru Mungu kilikuwa kimezimwa. Sauti ya kwanza wakaangua kicheko. Nikamwambia ni divai ya meza ya Bwana, hiyo hiyo anayoinywa. Akanitazama, akasema, "Mfumo haudanganyi, mama."

Haudanganyi? Mfumo wenyewe unaona jina la tovuti, basi. Haujui nilifungua ukurasa gani, haujui naagiza ya kanisa au ya sebuleni kwangu. Na vijana wa viti vya nyuma wanaobeti mechi mahubiri yakiendelea, mbona hawamo kwenye ripoti? Kwa sababu wameingia kwenye mipangilio ya Android wakaweka DNS ya faragha, yaani simu iulize seva nyingine kwa siri, wengine wana VPN, njia ya kificho ya kupitisha mtandao, maswali ya simu zao hayapiti kabisa kwa seva ya kanisa. Kwa hiyo anayeandikwa ni yule asiye na cha kuficha. Hongereni.

Makosa ya aina hii yanatokea hata kwa wakubwa. Cloudflare, kampuni kubwa ya mitandao, walipotoa huduma yao ya DNS ya kuchujia familia tovuti, ile ya anwani 1.1.1.3, mwaka 2020, mwanzoni ilizuia tovuti ambazo hazikutakiwa kuzuiwa. Wakakiri, wakarekebisha. Wa kwetu kukiri hajui.

Nisiwe mwongo lakini. Watoto wa shule ya Jumapili wanatumia tableti pale, na YouTube imebanwa vizuri, hata maoni ya watu chini ya video hayaonekani. Kwa hilo nilitaka kuongeza nyota ya tatu, na kichujio chenyewe sisemi kitolewe. Ila kila nikikumbuka kile kicheko cha sauti ya kwanza natamani waing'oe ruta yenyewe waigawe kwa maskini.

Nimeomba mawili tu: tovuti ya muuzaji iingizwe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, kitu cha kuandika anwani na kubonyeza, na ripoti yenye majina ya simu za watu isionwe na kila aliyeshika ufunguo wa chumba cha mitambo. Nikajibiwa "nitaangalia". Bado anaangalia.

Basi iwe nyota moja. Divai niliagiza kwa kumpigia simu muuzaji, katoni zikaja na basi, na risiti nimeibandika kwenye mlango wa chumba cha mitambo, chini ya jina la bidhaa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu.