Mwaridi wa pinki wenye harufu kwa bustani ndogo: chagua unaostahimili mvua

Tangu Juni nimekuwa nikipokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wasomaji walioko Manchester, Glasgow, hadi Cardiff. Wamenunua mwaridi wa pinki, wamelipa pesa nzuri, mche umeshika, matumba yamejaa tele, halafu matumba hayafunguki. Yanavimba, yanageuka kahawia, yanaozea mtini. Dada mmoja alinitumia picha ya kichaka kilichojaa matumba na hata ua moja hakuna. Alirudi dukani kuuliza, akaambiwa mmea una njaa, akauziwa mbolea.

Mmea ule haukuwa na njaa. Tatizo ni mvua, na aliyemuuzia alipaswa kulijua hilo kabla ya kupokea pesa yake. Tumba la waridi lenye petali nyingi likinyeshewa, petali za nje hulowa. Jua likitoka baadaye, zinakauka zikiwa zimegandana na kuwa ganda gumu, kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Za ndani zinaendelea kukua lakini hazina pa kutokea. Unyevu unabaki humo humo, ukungu wa kijivu unaingia, na baada ya siku chache ukiliminya tumba linatoa maji. Ukiliacha, uozo unaweza kushuka hadi kwenye kikonyo.

Soma lebo yoyote dukani. Urefu umeandikwa, upana umeandikwa, jua kiasi gani, harufu kali au hafifu. Hayo siyarudii hapa. Lakini sijaona lebo inayokuambia tumba litafanya nini likipata mvua ya siku tatu mfululizo, na kwa anayeishi magharibi ya Uingereza au Scotland hilo ndilo swali la kwanza. Mwenye bustani kubwa yenye miwaridi kumi anaweza kuuvumilia mmoja unaosusa. Sisi wenye uga mdogo wa nyuma tuna nafasi ya mmoja, ukizidi sana miwili. Na uga wenyewe umezungukwa na kuta za matofali, upepo haupiti, majani yanashinda na umande hadi saa tano za asubuhi. Bustani ndogo ndiyo inayoumia zaidi.

Ugumu ni kwamba harufu nzuri mara nyingi iko kwenye miwaridi hiyo hiyo yenye petali nyingi. Na sisi watu wa pwani hatununui waridi kwa macho peke yake. Tumekua na mrashi wa marashi ukipita harusini na kwenye maulidi, tunajua waridi linavyopaswa kunukia. Ua la pinki lisilo na harufu halinifai, liwe zuri namna gani.

Wengi huniuliza kuhusu waridi la Oman, lile la Jebel Akhdar linalokamuliwa marashi. Ni mwaridi wa jamii ya damask, na harufu yake haina mfano. Ila kule unapandwa mlimani, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu. Huku Uingereza unachanua mara moja tu kwa mwaka, wiki chache za Juni na Julai, kisha ni majani na miiba hadi mwaka ujao. Mwenye shamba na aupande. Kwenye uga wa nyumba za safu unakula nafasi bure.

Sasa chaguo zangu, na sifichi kwamba naipendelea kampuni ya David Austin ya Albrighton, Shropshire. Mzee David Austin, aliyefariki 2018, alianza na Constance Spry mwaka 1961, mwaridi wa pinki wenye harufu tamu lakini unaochanua mara moja kwa mwaka. Kazi iliyofuata ilikuwa kuichukua harufu ya miwaridi ya kale na kuitia kwenye vichaka vinavyochanua tena na tena hadi baridi inapoingia. Kwa mtu mwenye nafasi ya mche mmoja, sioni wa kushindana nao.

Wa kwanza ni Harlow Carr, uliotoka 2004 na kupewa jina la bustani iliyoko Harrogate, Yorkshire. Ua lake si kubwa, na hapo ndipo penye siri. Ni kikombe kifupi kilicho wazi, maji hayatuami ndani, na mvua ikikatika linakauka upesi. Nimeutazama katika Juni mbaya kabisa, miwaridi ya majirani imeinamisha vichwa vya kahawia, wenyewe unaendelea kufungua. Harufu ni ya waridi lenyewe, haichanganyiki na ndimu wala matunda, na unaipata kabla hujaufikia mti. Kichaka kinafika mita 1.2 hivi na kinajaa majani hadi chini, huoni miguu mitupu. Una miiba mingi sana, kwa hiyo usiupande kando ya mlango ambapo watoto wanapita wakikimbia. Kama ni mmoja tu, nunua huu.

Wa pili ni Gertrude Jekyll, wa 1986. Kwa harufu peke yake ungekuwa wa kwanza. Mmoja wa wazazi wake ni Comte de Chambord, mwaridi wa Kifaransa wa karne ya 19, na manukato yale umeyarithi yote. Ila ua ni kubwa, petali zimesokotana, na tumba la kwanza la Juni likikutana na mvua linaweza kushindwa kufunguka. Matawi yake ni marefu na magumu, yanataka kupanda. Uelekeze ukutani, uyalaze matawi kwa ulalo, nao utatoa maua kila kifundo. Ukuta uwe ule unaopata jua la asubuhi ili umande ukauke mapema. Usiupande kwenye kona, hewa ya kona haitembei.

Wa tatu, Olivia Rose Austin, wa 2014, uliopewa jina la mjukuu wa mzee. Kwa afya hakuna wa kuufikia kati ya hii: magonjwa ya ukungu ya madoa meusi na ubwiri unga, ambayo huvua majani miwaridi mingine, huuacha. Unaanza kuchanua mapema na umbo lake ni dogo, hata kwenye chungu kikubwa unakaa vizuri. Nimeushusha hadi wa tatu kwa sababu ya harufu tu. Ni nzuri, ya kati, inaelekea matunda. Anayetafuta marashi hatayapata hapa.

Wa nne hautoki kwa David Austin. Fru Dagmar Hastrup ni wa Denmark, wa mwaka 1914, wenye ua la petali tano tu, pinki ya kupauka, na harufu yenye karafuu kwa mbali. Petali tano haziwezi kugandana, mvua inyeshe itakavyo. Baada ya maua unapata matunda mekundu makubwa. Lakini hupenda kutoa machipukizi pembeni na kutembea, kwa hiyo kwenye uga mdogo lazima uwe na sepetu karibu.

Mmoja usinunue kabisa kama uko upande wa mvua: Souvenir de la Malmaison. Ulitoka Ufaransa mwaka 1843, na kwenye nchi kavu yenye joto ni miongoni mwa maua mazuri kuliko yote: pinki nyepesi, bapa, petali zimejipanga katika mafungu manne. Wauzaji wa huku huweka picha iliyopigwa siku ya jua na watu wananunua picha. Matumba yake ndiyo mepesi kuoza kuliko yote ninayoyajua. Picha nyingi nilizotumiwa mwaka huu ni zake.

Kama tayari unao, au Gertrude Jekyll wako umegandana, kuna la kufanya. Mvua ikikatika, lishike tumba kwa chini, tafuta ukingo wa petali ya nje iliyogeuka kahawia, uibandue taratibu kwa ukucha. Bandua mbili tatu hadi ufikie zilizo pinki na laini, kisha liache. Likiwahiwa, mara nyingi jioni limeanza kufunguka. Ukisikia linabonyea na kunuka uvundo, umechelewa, likate. Na kumwagilia ni asubuhi, chini kwenye shina. Kumwagia maji juu ya maua ni kujiletea mvua ya pili.

Miwaridi ya bei rahisi inayouzwa kwenye masanduku ya supamaketi, mizizi imekatwa fupi na jina la sandukuni halina uhakika. Utangoja mwaka mzima kujua umenunua rangi gani.

Linaloniudhi zaidi ni miche ya kwenye vyungu katika maduka ya mimea wakati wa Aprili na Mei. Mingi ilikuwa mizizi mitupu, yaani miche iliyong'olewa bila udongo, majira ya baridi, ikatiwa chunguni, bei ikapanda. Ukiutoa chunguni udongo wote unamwagika, mizizi haijashika lolote. Muulize muuzaji ulitiwa chunguni lini, na akishindwa kujibu, uache. Mche wa mizizi mitupu unapatikana Novemba hadi Aprili, ni nafuu, na ukiulowesha kwenye ndoo kwa muda wa saa mbili kabla ya kupanda unashika bila taabu. Agiza mapema, maana Harlow Carr huwahi kuisha, na wakikupigia kukuambia watakuletea "unaofanana nao", kataa na udai pesa yako.